Mkubwa Alinikuta Mkekani

Nakumbuka siku moja mkubwa wangu wa kazi alinikuta nimelala mchana, na hadi leo nikiifikiria bado naona haya. Cheka tu, mwanangu, halafu unisikilize, maana wewe nawe sasa umeruhusiwa kufanyia kazi ya serikali nyumbani.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilikuwa afisa mifugo huko Garsen, kando ya Mto Tana, nina mtoto mchanga. Mafuriko yalipokata barabara, mkubwa wangu, Bwana Komora, aliniruhusu nifanyie kazi kijijini kwa mama mkwe. Maji yakapungua, nami nikaomba nibaki. Haukuwa uvivu. Ofisi ilifunguliwa ng'ombe wakiwa wameshakwenda malishoni, ikafungwa kabla hawajarudi. Kijijini niliwatibu alfajiri wakikamuliwa, na jioni wakiingia zizini. Mchana nilipumzika na mtoto. Lakini saa zangu hizo sikumweleza Bwana Komora. Nilijiambia kazi itaonekana yenyewe.

Basi akaja bila taarifa, jua la utosi, akanikuta mkekani na mtoto kifuani.

"Bi Amina, Jumatatu nikuone ofisini. Ruhusa imekwisha," alisema. Hakufoka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Nikiondoka, nani angewashughulikia wale ndama waliokuwa wakiugua tangu mafuriko? Na mtoto ningemwachia nani?

Mama mkwe, Muorma mwenye Kiswahili cha kuokoteza na asiyemwogopa mtu, alimletea maziwa. "Bwana, kaa kwanza. Ng'ombe iko malishoni. Ikirudi, utaona kazi."

Angekataaje? Kwetu mgeni akiyakataa maziwa amewavunjia heshima wenyeji. Akanywa, akangoja, na joto lilipozidi akasinzia kwenye mkeka uleule. Nilitamani kucheka, lakini hofu ilinizuia.

Jioni ng'ombe wakaingia. Watu walinizunguka, kila mmoja akiniita kwa mnyama wake. Bwana Komora akavua koti, akanishikia kamba ya ndama huku nikidunga sindano, mpaka giza likaingia.

"Jumatatu usije," aliniambia akipanda gari. "Lakini mbona hukuniambia?"

Alipokwenda, mama mkwe alinigeukia, wala hakunipongeza. "Leo maziwa imekusaidia. Kesho kama mimi siko? Mdomo yako iko wapi?"

Mwanangu, mkubwa aliye mbali haoni jasho lako. Usingoje akuulize. Mweleze unafanya kazi saa ngapi, na kwa nini ni saa hizo, kisha lala mchana wako bila wasiwasi. Na siku ukiwa mkubwa wewe, kaa kidogo kabla hujamhukumu mtu.

Mama mkwe ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Maneno yake nimekuachia wewe. Mungu aibariki kazi ya mikono yako, akupe wakubwa wenye subira, na nyumba yako isikose maziwa ya kumpa mgeni.