Fundi Sikio na Gari Lisilonguruma

Jina lake kamili ni Fundi Sikio wa Fundi Nyundo wa Mhunzi Jasho. Mhunzi Jasho, babu yetu, ndiye aliyenyoosha ekseli ya mkokoteni wa kiwanda cha mbao kwa moto wa kuni na matusi. Fundi Nyundo, baba yetu, ndiye aliyelifufua lori la mchanga katikati ya daraja, watu wakiwa wamekwisha kuanza kugawana mchanga. Na Fundi Sikio mwenyewe, mdogo wangu wa tumbo moja, ndiye aliyelisimamisha basi la abiria sitini kwa kulipungia kofia, akamwambia dereva, "Nati ya tatu, gurudumu la mbele kulia," kisha akaenda zake kunywa chai. Dereva akashuka huku anacheka, akaigusa nati ya tatu. Ikamdondokea kiganjani.

Mimi ni dada yake. Nimemtangulia kwa miaka sita, nikamfundisha kufunga kamba za viatu, na darasa la saba nilimaliza nikiwa wa kwanza kwa kusoma. Kwa hiyo ninachoandika hapa nakijua, na herufi zangu hazihitaji msaada.

Mtaani kwetu mtu hanunui gari mpaka Fundi Sikio alisikilize. Si sheria ya serikali, ni yetu tu. Gari huletwa mbele ya gereji, Fundi hufunua boneti, huchukua mpini wa nyundo ya babu, ncha moja huiweka kwenye injini na nyingine sikioni. Jirani mwenye mashine ya kusaga huizima mashine yake, na waliokuja na mahindi yao huvumilia. Hata mlevi wa kona, ambaye polisi wameshindwa kumnyamazisha, hunyamaza. Kisha Fundi hutamka neno moja: "Linapumua." Au, "Linakohoa." Na mara mbili tu maishani mwake amesema, "Linadanganya," na mara zote mbili muuzaji aliondoka bila kuaga.

Sasa huyu Fundi ana binti mmoja, tunamwita Usukani. Ni dereva wa teksi mwaka wa tisa huu. Mikono yake haina kosa, ila mdomo hauna breki. Abiria akipanda kwenda hospitali hushuka anajua nani kaachwa, nani kaolewa na bati la nani linavuja. Mwezi uliopita teksi yake ilikufa, tena kifo cha kweli, baba yake mwenyewe akaifunika turubai. Usukani alikuwa na akiba ya miaka tisa, inatosha gari moja tu. Akikosea, hana la pili, na hana kazi nyingine anayoijua.

Jumanne moja asubuhi akaja gereji anahema.

"Baba, nataka la umeme. Duka la barabara kuu wameshusha bei mpaka Ijumaa."

"Na umeme ukikatika?"

"Na petroli ikiadimika? Mwaka jana si nililala foleni siku mbili, ukaniletea uji kituoni? Nimepiga hesabu, Baba. Nusu ya jasho langu inaishia kwenye tangi."

Fundi akafuta mikono yake polepole, kidole kimoja kimoja. "Twende nikalisikilize."

Nikafunga khanga nami nikaenda. Lazima awepo wa kusoma karatasi.

Duka lenyewe sakafu inang'aa hata unaiona sura yako ukiwa umesimama, jambo ambalo katika umri wangu si zawadi. Alitupokea kijana mwenye tai nyekundu ndefu iliyomfika kwenye mkanda. Nikampa jina papo hapo: Bwana Tai.

"Karibuni sana. Bibi, kaa hapa upumzike."

"Bibi yako yuko kwenu. Mimi niite Mama, na sijachoka."

Magari yaliyofunuliwa yalikuwa mawili, sura moja. La bei ya juu na la bei ya kawaida. Ile ya kawaida yenyewe ilikuwa bei ya nyumba ya vyumba viwili na choo chake. Bwana Tai akaanza na la juu, kama wanavyoanza wote.

"Hili lina paa la kioo. Lina kioo kikubwa cha kugusa hapa mbele. Na viti vyake vinapasha moto."

"Vinapasha moto nini?" nikauliza.

Akaona haya. "Vinampasha... aliyekaa, Mama."

"Na jua hili? Abiria anapanda ameshaiva, wewe umkaange tena, halafu sisi tulipie?"

Usukani akacheka mpaka akashika mlango. La bei ya juu likaishia hapo.

Bwana Tai akaja kwenye la kawaida. Alisema likijaa chaji linakwenda kilomita mia nne. Ndipo mdogo wangu akafungua kinywa kwa mara ya kwanza.

"Kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi?"

"Hapo... mia tatu na hamsini."

"Na abiria wanne na mizigo yao?"

"Mia tatu na kidogo."

"Na mlima wa hospitali?"

Bwana Tai akalegeza tai. Kila swali lilikuwa linamkata kilomita hamsini. "Mzee, tuseme mia mbili na sitini."

"Kwa siku natembea mia na themanini," Usukani akadakia. "Zinabaki za kwendea kwa shangazi kula. Nachaji usiku nyumbani, kwenye soketi yangu, asubuhi limejaa. Na betri ina dhamana ya miaka minane, Baba! Hata ndoa hazina dhamana hiyo."

"Funga mdomo, mwanangu. Nataka kusikiliza."

Akautoa mpini wa babu kwenye mfuko wa kitambaa. Akaomba wazime feni. Wakazima. Akaomba wateja wanyamaze, nao kwa mshangao wakanyamaza. Meneja, mtu mnene mwenye miwani, akatoka ofisini kuona nani kafa.

"Washa," akasema Fundi.

"Limewaka, Mzee."

"Nimesema washa."

"Limekwisha kuwaka. Tazama taa."

Fundi akabandika mpini kwenye boneti, akafumba macho. Kimya. Akahamisha mpini kushoto, kulia. Kimya cha makaburini. Basi akafunua boneti mwenyewe. Ndani hamkuwa na injini. Mlikuwa na sinia kubwa la plastiki, safi, lenye mfuniko, na ndani ya sinia waya mmoja wa kuchajia umekunjwa kama nyoka aliyeshiba.

"Wameiba injini!" mdogo wangu akapiga kelele. "Usukani, usitoe hata senti, wameiba injini!"

Duka zima likaangua kicheko. Bwana Tai, katika kutaka kumwonyesha kwamba gari ni zima, akaingia, akakanyaga mafuta. Nasema mafuta kwa mazoea. Gari likaondoka kinyumenyume bila kuaga, taratibu, kama paka anayeacha mkeka, na Fundi aliyekuwa ameliegemea akabaki ameketi sakafuni, kaukumbatia mpini wa babu.

Kicheko cha watu wa dukani hakikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba bintiye naye alicheka. Kidogo tu, akajiziba mdomo, lakini yule ni Fundi Sikio. Alisikia.

Siku mbili hakufungua gereji. Mwenye mashine ya kusaga akaja kuniuliza kama kuna msiba. Alhamisi alasiri nikamkuta Fundi uani, amekaa juu ya tairi bovu. Usukani alikuwa amechuchumaa mbele yake, sahani ya chakula mkononi.

"Baba, kesho ndiyo mwisho wa bei."

"Kanunue. Nunua kama watu wanavyonunua redio. Mimi gari lisilo na sauti silijui. Sikio langu limekwisha kazi yake."

"Sinunui bila sikio lako. Heri nikauze maandazi."

"Maandazi yako nani ayale?"

"Ndiyo maana nasema unisaidie!"

Hakucheka. Nikaona huu sasa ni ugonjwa. Nikavuta kigoda.

"Wewe mtoto," nikamwambia, "ulipokuwa na miaka minane, baba alikukataza kugusa injini. Ulikuwa unasikiliza nini?"

"Dada, niache."

"Ulikuwa unasikiliza baiskeli. Unazipindua miguu juu hapohapo ulipokaa, unazungusha gurudumu, unasema gololi imevunjika. Mwalimu mkuu alikubishia, ukamfungulia, ikatoka gololi nusu. Mimi nilikuwepo, nilishika taa. Sasa nijibu. Baiskeli ya mwalimu mkuu ilikuwa na injini?"

Kisha akaichukua ile sahani mkononi mwa bintiye, akala yote, akaomba maji.

"Injini ilikuwa inanizibia masikio," akasema. "Miaka arobaini inanizibia. Kesho saa mbili asubuhi, msichelewe."

Ijumaa tukarudi. Walipotuona, wafanyakazi wakaanza kukonyezana. Safari hii Fundi hakuutoa mpini. Akamwambia Bwana Tai, "Wewe endesha. Mimi nyuma. Madirisha yote wazi, kiyoyozi zima, redio zima. Twende kwenye ukuta mrefu."

Nyuma ya duka pana shule yenye ukuta wa matofali, mrefu, hauna mlango wala mti. Fundi akamwelekeza apite kandokando yake, mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Mimi nilikaa mbele, Usukani nyuma na baba yake, amejiziba mdomo kwa mikono miwili ili usimponyoke. Ukuta ule ukawa unaturudishia kila kitu: matairi yakisaga kokoto, pumzi ya Bwana Tai, hata bangili zangu. Nilizivua.

"Rudi tena," akasema Fundi. Tukarudi. "Tena, polepole zaidi."

Mara ya nne akainua kidole.

"Gurudumu la nyuma kushoto. Gololi zimeumia. Tik, halafu tik. Gari hili limetumbukia shimoni kwa kasi."

"Haiwezekani, Mzee," Bwana Tai akasema. "Gari ni jipya."

"Na humu mlangoni, upande wangu, kuna kitu kidogo kinabingirika."

Tulirudi dukani, akaletwa fundi wao, akafungua ubao wa mlango. Ikadondoka shanga ya nywele ya mtoto, ya waridi.

Nikainama kutazama namba za safari kwenye kioo cha dashibodi. "Na hizi kilomita elfu tatu ni za nani?"

"Ni za... kulifikisha hapa, Mama."

"Lilikuja kwa miguu? Magari yanabebwa na meli, nami nilisoma hayo darasa la tano."

Bwana Tai akamgeukia meneja. Meneja akaitazama ile shanga, nasi tukamtazama yeye. Ukweli ukatoka wenyewe: gari lilikuwa la majaribio, na kwa miezi mitano mke wa meneja alikuwa akilitumia kupeleka binti yao shule. Bwana Tai, maskini, yeye hakuambiwa. Alisimama ameshika tai yake kama anayetaka kuivua.

"Tutawapa jingine," meneja akasema. "Lile pale, halijafunuliwa nailoni. Kwa bei ileile."

Ningekuwa mimi ningelichukua. Lakini Usukani aliondoa mikono mdomoni, na miaka tisa ya kubishana na abiria ikatoka kwa mpigo mmoja.

"Subiri kwanza. Baba, gololi zinabadilishika?"

"Nusu siku. Nazibadilisha mwenyewe."

"Na betri? Shimo halikuigonga?"

Fundi akavua kofia, akalala chali sakafuni, sakafu ileile aliyoketishwa Jumanne, akaingia chini ya gari na tochi. Tukaona viatu vyake tu. Alikaa huko mpaka meneja akaanza kutoa jasho.

"Tumbo halina hata mkwaruzo," sauti ikatoka chini.

"Basi nalitaka hilihili," Usukani akasema. "Mpunguze robo ya bei, maana ni la mtumba mlilolivisha nguo za bibi harusi. Na dhamana ya betri ianze leo, siyo siku lilipotoka bandarini."

Wakavutana. Meneja akataja moja ya kumi, Usukani akaokota shanga na kuiweka mezani bila neno, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya. Wakakubaliana moja ya tano. Karatasi nikaisoma mimi, mstari kwa mstari, kwa sauti. Tarehe ya dhamana ilikuwa ya mwaka jana. Nikaikata kwa kalamu, nikaandika ya leo, nikawaambia wagonge muhuri juu yake. Wakagonga. Bwana Tai alitusindikiza mpaka nje, akamuuliza mdogo wangu, kwa heshima, kama baiskeli yake nayo anaweza kuileta.

Gololi zilibadilishwa Jumamosi. Mwenye mashine ya kusaga akazima mashine bila kuombwa, kwa mazoea, halafu tukapita kando ya ukuta wa shule na mtaa mzima ukitufuata kwa miguu. Fundi Sikio akasema, "Linapumua," na watu wakapiga makofi, ingawa mimi sikusikia kitu.

Siku hiyohiyo jioni dada wa duka la dawa akaja gereji. Naye anataka la umeme, ameletewa moja la kulijaribu, Fundi atamsikilizia lini?

"Jumatatu," Fundi akamjibu. "Lakini si mimi." Akamgeukia bintiye, aliyekuwa anapangusa vioo huku anamsimulia jirani habari za shanga kwa mara ya sita. "Mpini wa babu ni wa injini, utabaki nami mpaka injini ya mwisho. Haya mengine ni yako. Jumatatu saa mbili utapanda nyuma, madirisha wazi, mpite ukutani mara nne. Na toka mwanzo wa ukuta mpaka mwisho wake, Usukani mwanangu, hutasema neno hata moja."