Umefikia kwa Nani Huko?

Mwaka mmoja baada ya mume wangu kufariki, nilisafiri kutoka Bariadi hadi Kilwa Kisiwani kuiona ngome tuliyoahidiana kuiona wote wawili. Nilichukua kitanda katika hosteli ya bei nafuu, chumba cha vitanda vinane, na mgeni nilikuwa mimi tu. Mchana nilizunguka ngomeni. Mara mbili niligeuka nimwonyeshe kitu, nikakuta ukuta.

Jioni mama alinipigia simu kutoka nyumbani Sapiwi. Kwetu mtu hasafiri bila kuwa na mwenyeji.

"Umefikia kwa nani huko?"

"Kwa mama mmoja," nilimdanganya.

"Mpe simu nimshukuru."

Mama mwenye hosteli alikuwa karibu yangu akianua mashuka, na alikuwa amesikia yote. Alinyoosha mkono, akaichukua simu.

"Yuko kwangu, mama. Usiwe na wasiwasi."

Kisha akaniita jikoni. Tulikuwa tukila wali na samaki aliponiuliza kwa nini nimekuja peke yangu. Nilimweleza, nikalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.