Mchele wa Baba Mkwe Mtandaoni

Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, wala baba mkwe hamtazami yeye. Sisimulii mambo ya mababu. Nasema juzi na leo, hapa hapa Ngonga, wilayani Kyela, ambako watu wana simu kubwa kuliko viganja vyao na bado mwanamke akimwona baba mkwe anakuja, anaacha njia. Rafiki zangu wa mjini wakisikia wanacheka, wanasema hiyo ni mila ya kumnyanyasa mwanamke. Huenda. Wapo wakwe wanaoitumia hivyo. Wangu hakuwa hivyo, na hilo ndilo linaloniuma.

Nyumba yetu na yake zimetenganishwa na migomba tu. Alikuwa akija anakohoa tangu mbali, kikohozi cha mtu mwenye mapafu mazima kabisa, nami naingia ndani. Akifika uani anaanza kuongea na kuku.

"Wewe kuku, mwambie mama yako mpunga wa bondeni umekauka. Na mwambie hiyo sauti yake ya leo ni ya malaria, aende akapime."

Mimi nyuma ya mlango namjibu kuku kwa asante ya kwetu: "Mwambie babu ndaga, nimesikia."

Kuku mwenyewe anadonoa zake. Tuliishi hivyo tangu niolewe, na katika ukoo ule hakuna mtu niliyeelewana naye kama yeye. Mume wangu hulala nami kitanda kimoja na hajui nikiwa naumwa. Mzee alijua kwa kusikia nilivyosema ndaga.

Mchele niliouza mtandaoni ulikuwa wake. Mwanzoni nilipiga picha mifuko, na mifuko haikumvuta mtu. Sifa ya mchele wetu ni harufu, na harufu haipiti kwenye simu. Tena siku hizi kila duka limeandika Kyela kwenye gunia, hata kama mchele uliomo haujawahi kuiona Kyela. Wateja wakawa wananiuliza: tutajuaje kama ni wenyewe? Tuonyeshe shamba. Tuonyeshe mkulima.

Sasa mtu nisiyeruhusiwa kumtazama ningemwonyeshaje? Tukakaa na mume wangu tukatunga sheria zetu. Yeye atampiga baba yake video shambani, atazikata mwenyewe na kuzirusha mwenyewe, nami sitazifungua. Mimi nitajipiga jikoni, napepeta, napika, napakua, na mzee hataonyeshwa video hizo. Ukurasa ni mmoja lakini kila mtu na chumba chake, ndivyo tulivyojiambia. Mzee alipoulizwa alikuja uani akamwambia kuku kwamba atazungumza na wateja, maana wateja hawajaolewa na mwanawe. Nilicheka mpaka nikaziba mdomo kwa kanga.

Kulikuwa na vituko. Mteja akiuliza mzee anaitwa nani, siwezi kumjibu, kwa kuwa jina la baba mkwe silitamki wala siliandiki. Namwandikia subiri kidogo, halafu nangoja mume wangu arudi toka kwenye shamba la kakao aje aliandike yeye. Nadhani wengi walidhani Kyela hakuna mtandao.

Lakini mchele ulikwenda. Mzee alikuwa na kipaji ambacho hakuna aliyekijua. Nilikuwa namsikia mume wangu akizikata zile video chumbani, mimi nikiwa jikoni, na sauti ikinifikia: "Ukichanganya mchele huu na wa kwingine, umewatukana wakulima wote wawili." Watu walimpenda. Wakawa wanaagiza na kumsalimia hapo hapo, shikamoo babu. Alipokuja uani alimuuliza kuku wateja wanasemaje, nami nikamsomea kuku salamu zote, moja moja, nyuma ya mlango. Sijui kama kuna kazi iliyowahi kunifurahisha kama ile ya kusoma.

Kisha mteja mmoja wa Dar es Salaam, mama mkarimu ambaye hatujawahi kuonana naye, akaamua kutusaidia bila kutuambia. Alichukua video moja ya mzee na moja yangu akaziunganisha ubavu kwa ubavu. Upande huu mzee amesimama kwenye mpunga, amenyoosha mkono wenye masuke. Upande ule mimi nimechota wali wa moto kwa vidole, kinywa kimejaa, nacheka, kanga imeniteleza mabegani. Alizipanga kwa ustadi, ikawa kama mzee ananipa na mimi napokea. Juu akaandika: Baba mkwe analima, mkamwana anapika.

Ikasambaa. Asubuhi nilifungua simu nione kwa nini inalia mfululizo, na hapo ndipo nilipouona uso wa baba mkwe wangu kwa mara ya kwanza sawasawa. Miaka yote nilikuwa nimemtengenezea uso mkali kichwani. Kumbe ana macho ya mwanangu wa kwanza.

Mchana ule mzee alikuwa kwenye mashine ya kukoboa, na vijana wakamkimbilia na simu wakimpongeza kwamba sasa ni mtu maarufu. Mume wangu alikuwepo. Anasema baba yake aliitazama mpaka mwisho, akarudisha simu, akasema ndaga, akaacha mpunga wake kwenye foleni akaenda nyumbani kwa miguu.

Nilimwomba yule mama aifute, akaifuta siku hiyo hiyo na kuniomba radhi mpaka nikamhurumia. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Wengine walikuwa wameshaichukua na kuirusha kwenye kurasa zao. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia mume wangu, nikaikasirikia simu yenyewe kama vile ina masikio. Hasira zilipopoa nikakuta sina wa kumlaumu. Kila mmoja alikuwa ametenda wema, na wema wote ule kwa pamoja ukanipokonya mtu.

Maana mzee hakuja tena. Mpunga analeta mume wangu. Biashara haijafa, imekua, na mara nyingi nimewaza kwamba ningewarudisha wafuasi wote walikotoka kama ningeweza. Nilimtuma mume wangu kwa baba yake na jogoo wa kuomba radhi, aseme kwamba hatukukusudia. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi aliketi kwanza, akavua viatu, ndipo akaniambia maneno aliyopewa.

"Mwambie sina kinyongo naye," mzee alisema. "Jogoo nimempokea. Lakini mimi nilikuwa napita pale bila kumjua sura, ndiyo maana niliweza kumwambia kila kitu. Sasa nimemwona anakula, nimemwona meno. Nikija pale nitakuwa mwanamume anayemkumbuka mke wa mwanawe. Afadhali nisije."

Mume wangu aliona amenipa habari njema, kwamba tumesamehewa. Nami nilijua mzee amesema kweli, na kwamba kwa kutokuja ananipa heshima ile ile aliyonipa siku zote. Nililia kwa sababu hata ningemwambia kuku jibu langu, pale uani hapakuwa tena na mtu wa kulisikia.

Wiki hiyo niliagizwa mchele na binti mmoja wa Dodoma anayejiandaa kuolewa. Alikuwa ameiona ile video kwenye ukurasa wa mtu mwingine. Aliandika kwamba anamwomba Mungu ampe baba mkwe kama wangu, maana ukitutazama tu unaona jinsi tulivyo karibu. Nilimjibu ahsante, mzigo utafika Ijumaa.