Alama za Afande Semei

Aliyenieleza kwamba Afande Semei Wopuwa huandika mayai ya kuku wake kwa kalamu ni mke wake mwenyewe, Betty. Kila yai linalotagwa nyumbani kwao Mafubira hupewa tarehe na herufi mbili, S.W., kabla halijaingia jikoni. Jembe lina S.W. Sufuria zina S.W. kwenye matako, chini ya masizi. Betty alinisimulia haya baadaye akicheka, lakini kilikuwa kicheko cha mtu aliyelala kitanda kimoja na jambo hilo kwa miaka ishirini na sita, na hakikudumu.

Mimi ni Wilkista Awuor, fundi wa kompyuta hapa Bugembe, jirani na Mafubira, nje kidogo ya Jinja. Duka langu ni chumba kimoja kinachotazama barabara kuu, na nilikifungua miaka tisa iliyopita nilipovuka mpaka kutoka Kenya. Niseme mapema kwamba mimi si mtu mpole. Mteja akinisimamia kichwani namwambia akae ama aende. Na wengi husimama, kwa sababu kila mtu hapa ana shemeji aliyepeleka mashine nzima kwa fundi akarudishiwa ganda. Siwalaumu. Nawajua mafundi wanaong'oa vipande vya watu na kuviuza, na wengine wao nimekula nao meza moja.

Jumatatu asubuhi Afande Semei aliingia dukani na laptop iliyofungwa kwenye taulo. Ni askari jela, amebakiza mwaka mmoja astaafu, na hata siku ya mapumziko suruali yake imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe. Kabla ya kunisalimu aliuliza mlango wa nyuma unatokea wapi. Nikamwambia unatokea chooni. Akaenda kuhakikisha, akarudi, akasogeza kiti mahali anapoweza kuiona mikono yangu na mlango kwa pamoja.

Kisha akaeleza. Mashine alinunuliwa na binti yake, Peace. Wiki mbili nyuma chai ilimwagika juu yake, vibonye vya herufi vikaanza kunata. Afande alikuwa likizo kwao Mbale, watu wakamwelekeza kwa fundi mmoja wa mtaa wa Namatala anayeitwa Shakul. Lakini Semei si mtu wa kupeleka kitu kwa fundi hivi hivi. Usiku ule alifungua skrubu mwenyewe, akaweka alama zake kwenye kila kipande cha ndani, akafunga. Alipofika Namatala mashine ilikataa kuwaka kabisa, naye akaona ni kutikiswa njiani.

Shakul aliishughulikia saa mbili, na saa hizo zote Afande alisimama nyuma ya bega lake bila kuuliza neno. Kulikuwa na dakika kumi tu ambazo hakuwepo, alipokwenda kujisaidia. Aliporudi mashine ilikuwa inawaka vizuri na herufi hazinati. Mtu mwingine angeshukuru. Yeye alianza kuzifikiria zile dakika kumi, akazifikiria mpaka Jinja. Alipofika nyumbani aliifungua tena, akakagua alama zake moja moja kama anavyohesabu watu jioni kule kazini. Zote zilikuwepo isipokuwa moja. Kile kipande chembamba tunachokiita memori, ambacho bila hicho kompyuta haina akili hata ya kuamka, hakikuwa na alama.

Hapo akajua ameibiwa. Akakitia kipande hicho alama upya, ili polisi wakiuliza ijulikane ni kipi, akafunga. Tangu saa hiyo mashine ilikuwa inawasha taa, inazungusha feni, inalia mara tatu, inazima. Kwake huo ulikuwa ushahidi wa mwisho: amewekewa memori iliyokufa. Ijumaa alirudi Mbale. Shakul alichukuliwa na polisi mbele ya wateja wake, akafungiwa kituoni, na Jumanne, yaani kesho yake, angefikishwa mahakamani. Kilichopungua ni barua ya fundi mwingine. Afande alitaka fundi wa mbali, tena Mkenya, kwa maana Mkenya hana ndugu Namatala.

"Wewe andika tu," aliniambia. "Andika memori ya mimi ilibadilishwa. Piga muhuri. Mimi napeleka leo leo."

Sitajifanya malaika. Jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba Shakul kweli aliiba. Dakika kumi ni nyingi, mimi kazi hiyo naimaliza kwa mbili. Jambo la pili nililofikiri ni kwamba mtu huyu ananitegea. Askari anakujia na barua tayari imeandikwa kichwani mwake, anataka mkono wako tu, na wewe ni mgeni wa nchi ambaye kibali chako kina mwezi mmoja kabla ya kuisha. Nilimwangalia, naye akaniangalia. Hakuna aliyempenda mwenzake pale.

Nilimwambia siandiki juu ya mashine ambayo sijaifungua. Akasogeza kiti karibu, hadi nikasikia harufu ya sabuni kwenye shati lake.

Nilipoondoa kifuniko nilibaki mdomo wazi. Kila kitu ndani kilikuwa na S.W. kwa rangi nyekundu ya kucha: betri, diski, feni, hata waya wa feni. Herufi zilikuwa nadhifu, za mtu aliyejifunza kuandika namba za watu kwenye madaftari. Memori peke yake ilikuwa na rangi ya zambarau. Nikaing'oa, nikaigeuza kwenye mwanga, nikaona mahali alipoandika.

Memori ina safu ya meno ya dhahabu ukingoni. Meno hayo ndiyo yanayoingia kwenye mfereji wake, na umeme unapita hapo. Unaweza kuandika popote kwenye kipande hicho, kimebandikwa karatasi nzima ya kuandikwa. Afande alikuwa amepaka rangi juu ya meno.

Nikamuuliza kwa nini hapo.

"Karatasi mwizi anabandua," alisema. "Hapo kwa meno hawezi kufikiri kuangalia."

Miaka thelathini ya kuwapekua watu ilikuwa imemfundisha kwamba kitu kinafichwa pale ambapo mwenzio hafikirii. Nilitaka kucheka. Lakini kuna mtu alikuwa amelala siku tatu kwenye sakafu ya polisi.

Sikumwambia kitu bado. Nilichukua lenzi yangu, nikatazama. Chini ya ile zambarau, kwenye nafasi kati ya meno mawili ya mwisho ambako kitambaa cha kufutia hakifiki, kulikuwa na mstari mwembamba mwekundu. Nikamulika ndani ya mfereji kwenye bodi. Humo nako kulikuwa na chembe nyekundu. Memori haikuwa imebadilishwa. Ilikuwa ile ile, na alama ya kwanza ilikuwa imesuguliwa tu.

Nikampa lenzi atazame mwenyewe. Nikamuuliza anaona rangi gani.

"Nyekundu."

Nikamuuliza alipoipaka mara ya pili alitumia rangi ipi. Ile nyekundu ya Betty ilikuwa imekwisha, akasema, akachukua nyingine. Akarudia kutazama. Akaweka lenzi mezani polepole, akanikazia macho.

"Labda ni wewe umeweka sasa hivi."

Hapo nilipandwa na hasira kweli. Nilimwambia mikono hii ameilinda tangu aingie, hajaiachia hata nijikune, na kama kuna chupa ya rangi ya kucha humu ndani aitafute. Akaitafuta. Alifungua droo zangu mbili. Aliuliza kama namfahamu Shakul, kama tumesoma pamoja, kama amewahi kufika kwetu Kisumu. Nikamtupia simu yangu aangalie namba. Aliangalia, jina kwa jina, nami nikamwacha, kwa sababu nilitaka ashindwe na kila kitu.

Alipomaliza nilichukua spiriti na pamba, nikayafuta yale meno mbele ya macho yake. Nikayasugua kwa raba ya penseli mpaka yakang'aa, nikausafisha mfereji kwa brashi, nikarudisha memori, nikabonyeza. Mashine ililia mara moja, skrini ikawaka, ikatokea picha ya Betty na Peace wamesimama nje ya kanisa. Ikaomba neno la siri. Afande akakinga herufi kwa kiganja nisimwone akiandika.

Nilimweleza taratibu, maana sasa hasira ilikuwa imegeuka huruma, na sikujua ni ya nani. Mashine ilikataa kuwaka Namatala kwa sababu ya rangi aliyoipaka kwenye meno, iliyozuia umeme. Katika zile dakika kumi Shakul aliikuta, akaisafisha, kama fundi yeyote anayejua kazi. Halafu yeye Afande akaipaka tena.

"Hakuniambia kama alipangusa," alisema.

"Ulimwuliza?"

Kwa saa mbili alikuwa amenyamaza makusudi, asije akamwonyesha fundi kwamba anajua kitu.

Niliandika barua. Niliandika kila jambo, meno, rangi mbili, mfereji, nikapiga muhuri. Aliisoma mara tatu, akaishika juu kwenye mwanga kama anatafuta maandishi mengine nyuma yake. Kisha akaikunja ndogo sana, akaitia mfuko wa shati. Mkunjo ule haukunipendeza. Nilimwona ni mtu wa mwaka mmoja kabla ya pensheni, anayepaswa kwenda kusimama mbele ya polisi na kusema alikosea, na kutoka Bugembe hadi Mbale kuna mahali pengi pa kutupa karatasi. Nikafunga duka, nikamwambia tunakwenda wote. Safari nzima aliweka mfuko wa mashine upande wa dirisha, mbali nami.

Kituoni, afisa aliyekuwa zamu aliisoma barua akiwa amesimama. Alipofika mwisho akatabasamu.

"Afande," alisema, "hao watu ya Namatala wamekupa ngapi?"

Semei akasema hakuna aliyempa kitu. Yule afisa akanitazama mimi, akamtazama yeye, akauliza na huyu mama analipwa na nani. Semei akaanza kueleza. Alieleza habari ya rangi ya mkewe, habari ya meno, habari ya nyekundu chini ya zambarau, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama hadithi ya kutunga. Kwapa zake zikalowa. Nakiri kwamba nilifurahi kidogo kumwona upande ule wa meza. Halafu nilimwona, mzee mzima, akisema ukweli na haaminiwi, na furaha ikaniisha.

Afisa alimwambia kama anaondoa kesi aandike mwenyewe sababu, na aweke namba yake ya kazi. Nilidhani atakataa, kwa kuwa namba hiyo ingefika kwa wakubwa wake. Alichukua kalamu. Akaandika kwa herufi kubwa kwamba kitu hakikuibwa, kwamba aliharibu mwenyewe, kwamba alishtaki mtu bure. Akaweka namba.

Wakaenda kumtoa Shakul.

Nilikuwa nimejijengea picha ya kijana mjanja. Aliyetoka ni mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, ndevu zimemea ovyo, viatu mkononi na suruali anaishikilia kwa sababu mkanda ulichukuliwa. Alipomwona Semei alisimama ghafla. Halafu akachuchumaa palepale sakafuni, akaweka viatu kando, mikono juu ya magoti, macho chini.

Mimi sikuelewa. Semei alielewa, nikaona uso wake umebadilika. Ndivyo mfungwa anavyozungumza na askari jela. Hakuna aliyekuwa amemwamuru. Mahabusu wenzake walikuwa wamemfundisha ndani mle kwa siku hizo, akajiandaa kwa jela kama mtu anayejiandaa kwa safari.

"Afande," Shakul aliiambia sakafu, "ile memori mimi sikuchukua. Nilipangusa tu."

"Inuka," Semei alisema.

Hakuinuka. Semei akarudia, sauti ikiwa chini zaidi. Shakul alizidi kujikunyata, anangoja aone mtego uko wapi. Wale maafisa wawili nyuma ya meza walikuwa wanatazama, mmoja wao bado anatabasamu.

Basi Afande Semei akashika ukingo wa meza, akajishusha. Magoti yake yalilia. Alichuchumaa kwenye saruji ile na suruali yake ya pasi, mpaka uso wake ukawa sawa na wa yule fundi.

"Ni mimi niliharibu," alisema. "Wewe ulitengeneza, mimi nikaharibu tena. Kesi imeisha. Inuka, twende nyumbani kwako, nikaseme hivi mbele ya watu."

Shakul alimtazama. Akatazama karatasi mezani, akawatazama wale maafisa, akautazama mlango uliokuwa umerudishwa nusu. Kisha akanigeukia mimi, mtu asiyemjua, akaniuliza kwa sauti ndogo huko nje kuna nani anamsubiri.

Nilimwambia hakuna mtu. Hakusogea. Ilibidi niende kuufungua mlango mpaka mwisho, nikasimama kando aone nje mwenyewe, ndipo alipochukua viatu vyake.