Mguu wa Upondo

Mume wangu alivusha watu Mto Ruvu kwa mtumbwi, pale wapagazi wanapopita wakitoka Bagamoyo kwenda bara. Misafara ilipokuwa mingi alirudi nyumbani viganja vimechanika kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo. Akila, alinieleza habari za maji, kwa kuwa hakuwa na habari nyingine. Mimi niliitikia tu. Kutwa nzima nilikuwa nimetwanga mpunga wa watu, na macho yalikuwa yakifumba yenyewe.

Nakumbuka machache. Alisema mahali penye mikunjo midogo inayokwenda pamoja, chini pana mchanga na maji ni haba. Mahali palipo laini kama pamemwagwa mafuta, kisha maji yanavimba katikati na kutawanyika, chini pana shimo au gogo. "Hapo panachemka bila moto," alisema, "na kinachoingia hapo hakitoki upesi."

Siku mtumbwi ulipopinduka, bahari ilikuwa inajaa na kuingia mtoni. Wapagazi waliushikilia mtumbwi wakaokoka. Yeye hakuonekana tena.

Ndugu yake mdogo, baharia, alikuja na wenzake wakamtafuta kuelekea mlangoni mwa mto, kwa sababu povu na majani yote yalikuwa yanakwenda huko. Jioni wakarudi na kofia yake. Waliikuta imenasa kwenye mikoko.

Mwalimu wa chuoni, aliyenifundisha kusoma Kurani nilipokuwa mdogo, alikuja akakaa barazani. Nilimwuliza kama nianze eda.

"Kofia si maiti, binti yangu," alisema. "Huenda mkondo ulimtupa mahali, naye yu hai. Siwezi kukukalisha eda kwa kofia."

"Basi mimi ni nani?"

"Wewe ni mke wa mtu. Subiri."

"Mpaka lini?"

Alikuwa mtu mwema, na nilimwona anaona haya.

Kesho yake wanawake waliokuja kunipa pole walinitazama masikio. Vipuli, ambavyo mjane huvivua, nilikuwa navyo bado. Kuvivua ni kumwua mume kwa mkono wangu, na kubaki navyo ni kama sina uchungu. Mmoja alianza kulia, akakumbuka kwamba hakuna maiti, akajifuta macho. Nikaendelea kutwanga.

Nikiwa kinuni nilikumbuka jambo jingine alilowahi kunieleza. Bahari ikijaa, alisema, maji matamu hupita juu yakaenda pwani, na maji ya chumvi huingia kwa chini, kama mtu apitaye mlango wa uani. Ukichovya upondo, kichwa chake kinavutwa pwani na mguu wake unavutwa bara. Siku ile nilimjibu, "Ee, bwana," huku nikiwaza kwamba nazi zimekwisha.

Niliuacha mchi nikajitanda. Ningekuwa mjane, nisingeruhusiwa kutoka. Mama mkwe alinifuata bila kuniuliza kitu.

Tulifika kivukoni bahari inajaa. Shemeji alikuwa anasukuma mtumbwi majini aende tena mlangoni mwa mto. Nilimwambia atafute upande wa bara.

"Shemeji, mto unakwenda baharini. Hata kuku analijua hilo."

"Tia upondo."

"Leo umekuwa nahodha?"

"Tia mpaka chini, halafu ulegeze mkono."

Alitia huku akicheka na wenzake kwa jicho. Povu lilikuwa linampita likienda pwani. Kisha kicheko kikafutika usoni mwake, akaushika upondo kwa mikono miwili.

"Unavutwa," alisema. "Mguu wake unavutwa bara."

Mama mkwe akamwambia, "Basi usisimame kama mlingoti. Nenda unakovutwa."

Walipanda na mto mpaka nyuma ya kona ya kwanza. Sisi tulifuata kwa miguu, topeni. Pale maji yalikuwa laini kama mafuta, yakivimba na kutawanyika, yakivimba na kutawanyika. Walishusha kulabu. Alikuwa chini, nguo yake imenasa kwenye gogo. Mamba hawakumgusa. Nalisema hili kwa sababu watu huniuliza mpaka leo.

Alioshwa, akasaliwa, akazikwa kabla ya alasiri kwisha. Mwalimu alituma neno: sasa nikae eda.

Watu hudhani nililia sana siku ile. Sikulia. Niliingia chumbani nikavua vipuli. Cha kushoto kilikuwa kimekaza, mama mkwe akakifungua kwa meno. Kisha nikalala, jua lingali linawaka, wala hakuna aliyeniita nikatwange.