Kochi Lisilobonyea

Mume wangu alinionya nisilale chini dukani, lakini onyo lenyewe lilinikuta nimeshalala. Kichwa changu kilikuwa chini ya sofa la kijivu, tochi ya simu inawaka, nachungulia kile kitambaa cheusi wanachokipigilia huko chini ili wadaku kama mie tusione kilichomo. Nilitaka kujua watu wanaokaa juu wanashikiliwa na nini. Springi? Mikanda? Au ni tawakali tu?

"Inuka basi," mume wangu akasema. "Watu wanatazama."

"Wacha watazame. Si wanauza?"

Nyumba yetu iko Tooting, nyembamba, ya ngazi nyingi, na majira yale ilikuwa imejaa vumbi la plasta mpaka ndani ya sukari. Tulikuwa tunakitengeneza upya chumba cha mbele cha chini, kwa ajili ya mamangu. Alikuwa akiishi peke yake mashariki ya London, nyumba ya kupanga ghorofa ya nne, tangu baba alipofariki. Goti lake la kulia lilishaanza kumgomea, na lifti ya jumba lake nayo ina wiki za kufanya kazi na wiki za kugoma. Nilimbembeleza miaka miwili ndipo akakubali, tena kwa sharti.

"Nitajaribu mpaka Idi," aliniambia. "Nikiona nimekuwa mzigo, narudi kwangu. Ile nyumba siiachi."

Akautia ufunguo wa kule ndani ya mkoba wake mweusi, na mkoba haukubanduka kwapani. Kwa hiyo kila nilichokichagua, rangi ya ukuta, zulia, pazia, nilikuwa nakichagua ili mama abaki. Na kikubwa kuliko vyote kilikuwa kochi, maana ndilo angelikalia kutwa mimi nikiwa kazini.

Basi nikaingia wazimu wa makochi. Nilijifunza kwamba kuna mashine inayosugua kitambaa maelfu kwa maelfu ya mara ili kujua kitachakaa lini, nikamwomba muuzaji anionyeshe, akaniambia hawana pale. Nilinusa vitambaa. Nilivikwaruza kwa kucha. Nilimwaga tone la chai juu ya kipande cha velveti ya kijani walichonipa bure, nikakiweka dirishani siku tatu kuona doa litafanya nini. Halikufanya kitu. Velveti ile ikaniingia moyoni.

Siku ya kununua tulimchukua mama. Muuzaji akamwonyesha hili na lile. Mama akakusanya buibui lake, akakaa ukingoni mwa kila kochi, mgongo umenyooka, mkoba magotini, kama mgeni aliyekuja kutoa salamu za watu na kuondoka.

"Mama, hili unalionaje?"

"Zuri, mwanangu."

"Na lile?"

"Nalo zuri."

"Sasa wataka lipi?"

"Lolote. Mie kiti chochote chanitosha."

Jibu hilo nikalichukua, nikaenda nalo mpaka kwa muuzaji. Kijani, la mtu mmoja, pana, laini, la kuzama ndani yake baada ya zamu ya usiku. Hebu niseme kweli: nilichagua nilipotaka kukaa mimi.

Kwake mama alikuwa na kiti cha zamani cha mbao, chenye mikono. Juu yake aliweka mito miwili na blanketi lililokunjwa mara nne, vyote vimefungwa kwa leso kuukuu. Lo, kilivyokuwa kibaya! Siku ya kuhama nilikibeba mwenyewe, nikakitupa kwenye lile kontena la taka za mafundi lililokaa mbele ya nyumba. Mama alikuwa amesimama dirishani.

Kochi likaja. "Maashallah," mama akasema, "limependeza." Akatandika kitambaa chake cha kufuma mahali pa kichwa, akaupapasa mkono wa kochi, akaenda kukaa kitandani. Nikadhani amechoka.

Wiki ya kwanza nikapuuza. Ya pili nikaanza kulitazama lile kochi. Kitu kinachokaliwa hubonyea, hata kidogo. Hili lilikuwa limetuna vilevile lilivyotoka dukani. Siku moja kabla ya kwenda kazini niliiacha rimoti ya televisheni katikati ya mto wake, imelala upande. Nikarudi jioni. Rimoti palepale, upande uleule.

"Mama, mbona hukai kwenye kochi lako?"

"Nakaa, mwanangu. Ndio kwanza nimeinuka."

Alaa! Mamangu huyu, ambaye chumvi ikizidi kwenye mchuzi wa mtu humwambia mwenyewe mbele ya wageni, leo ananidanganya kweupe! Nilikasirika, sikatai. Lakini zaidi ya hasira nilitaka kujua. Ni rangi? Ni velveti? Pengine inampa joto? Nikawa namvizia kupitia upenyo wa mlango, mtu mzima mimi, naye namwona yuko ukingoni mwa kitanda, hana pa kuegemea, anavuta uradi.

Wiki mbili kabla ya Idi nikamsikia anazungumza kwenye simu na shoga yake wa miaka mingi: "Idi ikipita nitakuwa kwangu, inshallah." Niliingia jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Kwa akili zangu nikaamua kosa ni kitambaa. Nikauliza kazini, na mwenzangu mmoja, mzaliwa wa Kisumu, akanielekeza kwa mzee wa Kisingasinga aliyeko Southall, fundi wa makochi. Nilipompigia nilianza kwa Kiingereza. Alipojua mimi ni wa wapi akageukia Kiswahili: "Mombasa sehemu gani?" Naye kazaliwa hukohuko. Akasema kochi asiletewe, atakuja yeye.

Alikuja Jumamosi asubuhi, kilemba cha buluu, sanduku la vyombo mkononi. Akavua viatu mlangoni bila kuambiwa.

"Hujambo, bi mkubwa?"

"Sijambo, fundi. Karibu, karibu ndani." Mama akajitengeneza mtandio. Nilikuwa sijamwona na uso ule tangu ahamie.

Nilikuwa nimemtayarishia fundi kitabu cha vitambaa. Hakukifungua. Alitoa futi, akanipa mimi ncha moja, akaniomba niishike nyuma ya goti la mama. Yeye akaishika chini sakafuni, macho kayaelekeza ukutani kwa heshima. Kumbe anampima mama, halipimi kochi! Halafu ndipo akauliza, "Bi mkubwa, hili kochi lina kasoro gani?"

"Halina kasoro. Mwanangu kaninunulia kwa mapenzi."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Akalipindua kochi, akaanza kuchomoa pini za kile kitambaa cheusi. Mie tena! Nikajitupa chini na tochi yangu. Hatimaye nikaona: mikanda ya mpira iliyopishana kama ukili wa mkeka, mbao nyembamba zilizogundishwa, na sponji, sponji tupu, unaibonyeza inakukubalia mpaka mwisho. Akapasua kidogo upande wa mkono wa kochi, akaingiza vidole, akanivutia nione.

"Kadibodi," nikasema.

"Kadibodi. Mtu akiutegemea huu ainuke, unamkwepa." Akageuza shingo kidogo. "Bi mkubwa, likikukera, hukukera wapi hasa?"

"Usijisumbue, fundi. Mie kiti chochote chanitosha."

Akachomoa pini nyingine, akaiweka kwenye kifuniko cha sanduku. "Haya, nakuuliza mara ya tatu. Marehemu baba alinifunza kazi hii kulekule kwetu. Akisema, fundi asiyewauliza kina mama wa Mombasa mara tatu, kazi ataifanya mara mbili."

Mama akacheka. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa pembe ya mtandio. Nami pale sakafuni nikahisi uso unaniwaka. Maana nami nimelelewa hivyo. Kwetu ukikaribishwa chai, unasema nimeshakunywa, hata kama koo limekauka. Ukikaribishwa tena, unasema usijisumbue. Ya tatu ndiyo ya kweli. Mwenye nyumba anayeipokea "la" ya kwanza ama ni bakhili ama hakufunzwa. Na mimi nilimuuliza mamangu mara moja, mbele ya muuzaji, nikatoa kadi nikalipa.

"Nililikalia," mama akasema. Alikuwa akimwambia fundi, si mimi. "Siku ya pili tu, hawa wote wametoka. Likanimeza. Nikasukuma huu mkono, ukalegea. Goti nalo likakataa. Adhuhuri ikanikuta humo, nikaswali humo humo. Mara kengele ya mlango ikalia. Najua ni nani, maana aliniahidi: shoga yangu, mabasi mawili kutoka kwake, na miguu yake ile. Akagonga, akaniita jina. Nami nipo hapa, hatua sita, nashindwa kumfungulia. Ningepiga kelele ningemtisha. Nikanyamaza mpaka akaondoka. Jioni akanipigia, nikamwambia nilitoka. Mie nikamdanganya mtu aliyenibebea visheti."

"Uliinukaje?" fundi akauliza taratibu.

"Nilijitelezesha mpaka chini. Nikatambaa mpaka kitandani, nikajishika."

Mimi ni muuguzi. Kila siku ya Mungu nawauliza wazee wa watu: kwenye kiti waweza kuinuka mwenyewe? Naandika jibu kwenye faili. Mganga hajigangi, wamesema waliosema. Nililia palepale chini, tochi bado inawaka.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Umelala mpaka chini ya makochi ya watu kwa ajili yangu. Niseme sikutaki na kochi lako?"

Fundi akauliza kiti cha zamani kilikuwaje. Nikamweleza kwa aibu: mbao, mikono, mito miwili, blanketi la mikunjo minne. Akatandaza mkono wake hewani, kutoka sakafuni, mpaka hapo. "Hapa?" Mama akasema, "Juu kidogo." Kumbe lile blanketi lilikuwa kipimo. Kila mkunjo mama aliuongeza goti lilipomzidi, na mimi nikautupa kwenye taka pamoja na matofali.

Fundi aliondoka na kochi kwenye gari lake, akalirudisha siku moja kabla ya Idi. Miguu mirefu ya mti, mikono yenye ubao wa kweli ndani, sponji ngumu, mto wa mgongoni ili asizame nyuma. Kitambaa ni kilekile cha kijani. Kilikuwa hakina kosa lolote, maskini.

Asubuhi ya Idi nyumba ilinukia udi na biriani. Kengele ikalia. Nikamwona dirishani yule shoga yake, na bakuli la visheti limefunikwa. Nikamkimbilia mama mikono mbele, kama nifanyavyo wodini.

"Niondokee hapa," akasema.

Akaweka viganja juu ya mikono ya kochi. Akasema bismillahi. Akainuka, taratibu, yeye peke yake, akatembea hatua zake sita akafungua mlango. Walikumbatiana pale kizingitini, baridi yote inaingia ndani, na hakuna aliyethubutu kuwaambia wafunge.

Wageni walipotawanyika nilienda kukusanya vikombe chumbani kwake. Alikuwa kwenye kochi, miguu imefika chini vizuri, mkoba mweusi pajani. Nikakaa sakafuni.

"Mama, Idi ndiyo hiyo imepita. Utabaki na sisi?"

"La, mwanangu. Nitawasumbua."

Nikapanga vikombe kwenye sinia. "Mama, baki na sisi."

"Nina nyumba yangu. Msijidhikishe."

Nikaliweka sinia chini. "Mama. Nakuomba, ubaki."

Akafungua mkoba, akatoa ufunguo wa ghorofa ya nne, akaniwekea kiganjani.

"Wapelekee wenyewe," akasema. "Tangu nije nakungoja uulize."