Nilisema Sindano Imechemka

Naomba mnifichie jina, maana wanaoniita Sista ni wengi na nikijulikana tu nimekwisha. Mimi ni mama wa miaka hamsini na minane, Mwislamu, mzaliwa wa Walukuba, Jinja. Sasa naishi Namatala, Mbale, nina kliniki ndogo. Watu wanaisifu mikono yangu. Laiti wangejua.

Nilipomaliza shule niliutaka unesi kufa na kupona. Chuo cha Mbale kilidai barua ya kuonyesha kwamba umewahi kufanya kazi wodini, basi nikaingia hospitali moja ndogo ya Jinja, siku hizi haipo tena. Nilipiga deki, nilimwaga mikojo, nilichemsha sindano. Zilikuwa za kioo, zinatumika tena na tena. Vita vya miaka ile ya themanini vikatukuta hapo. Askari wa serikali iliyoanguka wakakimbilia kwao kaskazini, na manesi nao wakajificha. Wodini wakabaki metroni, mkuu wa manesi, na Okello, mtu wa kaskazini aliyefundishwa uuguzi jeshini. Wenzake walimwita waondoke, akakataa, akasema wagonjwa ataachiwa nani.

Tulimwita afande. Kila alipopokea sindano kwangu aliuliza lile lile: "Toto, iko nachemuka muzuri?"

Siku moja makaa yaliisha kabla maji hayajatokota. Yaliisha kwa sababu nilikuwa nimeiba nusu yake nikampelekea mama, nyumbani tulikuwa hatuna hata la kuchemshia uji. Nikaisuuza sindano kwa yale maji ya uvuguvugu. Afande akauliza kama kawaida yake. Nikajibu, "Ndiyo afande, ilichemuka."

Akamdunga Zaituni, mtoto wa jirani yetu, miaka sita, alikuwa na homa ya mapafu. Paja likavimba, likatunga usaha, mwishowe mguu ukanyauka. Mtaa mzima ukasema huyo ni askari, amemtia mtoto sumu kulipiza kisasi. Wakaja wodini mchana kweupe, wanaume wenye marungu. Okello hakukimbia. Alinigeukia mimi.

"Toto, ambia hawa watu. Sindano ulichemusha ama hapana?"

Nikasema, "Mimi nafagia tu hapa, afande. Mambo ya sindano sijui."

Wakamburuta nje. Niliwasikia wakimpiga mpaka sauti yake ikakatika. Alizikwa wapi sijui. Wiki ile ile metroni akaniandikia barua: msichana huyu ni msafi na mwaminifu. Chuoni niliwazidi wenzangu wote, maana kazi ya wodi nilikuwa naijua tayari. Mwalimu alikuwa akiwaambia, "Muone mwenzenu, alihudumia watu wakati wa vita." Nami nilikuwa natabasamu. Mungu anisamehe, nilikuwa natabasamu.

Zaituni sasa ni mtu mzima, bado yuko Walukuba, anatembea kwa mkongojo. Ananiita mama, kwa kuwa nilikiosha kile kidonda chake miezi mingi. Mwaka huu bintiye anautaka unesi, akamleta kwangu ajifunze kazi kabla ya kwenda chuo. Wiki iliyopita akaingia mwanamume mmoja wa makamo, mpole, akajitambulisha kuwa ni mtoto wa Okello. Alikuwa ameambiwa nilifanya kazi na baba yake. Kabla sijafungua mdomo, yule binti akamrukia.

"Baba yako ndiye aliharibu mguu ya mama yangu!"

Mwana wa watu akapiga magoti palepale sakafuni, akamwomba radhi msichana wa umri wa kuwa binti yake. Kisha akaniangalia. "Sista, ni kweli? Wewe ulikuwa huko."

Nikamwambia nilikuwa nafagia tu.

Jumamosi mwanamume huyo anakwenda Walukuba na mbuzi, akampigie Zaituni magoti kwa niaba ya marehemu. Ameniomba nimsindikize, nimsaidie maneno. Nikisema ukweli nampoteza Zaituni, na hii kliniki hakuna atakayeikanyaga tena. Nikinyamaza, mtoto wa Okello ataomba msamaha wa kosa langu huku nimekaa kando yake.

Leo ni Alhamisi, ndugu zangu, na siku zimeniishia. Niambieni la kufanya, hata mkinitukana. Asubuhi hii binti wa Zaituni aliweka vyombo vya kliniki jikoni, akaniuliza, "Mama, nichemushe dakika ngapi?"